Mto wa Nusu Milimita

Mto Nyamwamba niliuchora kwa kalamu ya buluu yenye ncha ya nusu milimita. Skeli ilikuwa 1:2,500, kwa hiyo mstari ule ulikuwa sawa na mita moja na robo ya ardhi. Nilijua mto ni mpana kuliko hapo, lakini mstari ulitulia kwenye karatasi, ukapinda vizuri mahali pa kupinda, na mitaa niliyoinyoosha kando yake ikapendeza. Ilikuwa likizo ndefu ya 2015. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya mipango miji Dar es Salaam, nimerudi nyumbani Kasese, Uganda, kwa mafunzo ya vitendo, na ramani ile niliiona kuwa kitu cha kwanza nilichopata kukitengeneza chenye faida kwa watu wa kwetu.

Nikaikunja, nikapanda bodaboda hadi Kilembe, bondeni kule ambako Nyamwamba unashuka kwa kelele kati ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa zamani. Nilimkuta mzee mmoja amekaa nje, miguu juani. Alifanya kazi mgodini hadi ulipofungwa mwaka 1982, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, kifupi na kizito, cha watu waliotoka kila upande wakalazimika kuelewana chini ya ardhi. Nikamwamkia, nikatandika ramani kwenye benchi, nikaweka mawe manne kwenye pembe. Aliitazama kitambo kirefu. Kisha akaweka kidole juu ya mstari wa buluu.

"Mwanangu, huu ni mto au uzi?"

Kabla sijajibu akainuka, akanipeleka kwenye uwanda wa mawe chini ya nyumba. Katikati palikuwa na jiwe kubwa kuliko gari dogo, jeupe upande mmoja. "Hapa palikuwa jiko," akasema. Akaanza kutembea kuelekea majini akihesabu hatua kwa sauti, bila haraka, nami nikimfuata na daftari. Alifika hamsini na tatu ndipo miguu yake ilipogusa maji. Akageuka. Tarehe 1 Mei 2013, alisema, mto haukuwa hapa tuliposimama tu. Ulikuwa kote tulikopita, na nyuma ya jiko, na ndani ya hospitali ya Kilembe. Akainyooshea mkono ramani yangu iliyobaki kwenye benchi. "Ile ni ya leo asubuhi."

Vijana wa kwetu wakiniuliza kusomea miji ni kusomea nini hasa, neno la yule mzee ndilo linalonijia kwanza, kabla ya kitabu chochote. Ramani yangu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli kwa saa moja, ya asubuhi ya kiangazi, nami nilikuwa nimeipangia mitaa ya miaka mia.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hilo nililijua tangu utotoni. Nimezaliwa Nyakalengija, kijiji ambako barabara ya gari inaishia na njia ya kupanda Rwenzori inaanzia, mita elfu moja mia sita na kitu juu ya usawa wa bahari. Baba alikuwa mpagazi. Kwa miaka mingi aliwabebea wageni mizigo hadi Nyabitaba na kupita, akishuka kwenye makutano ya Bujuku na Mubuku, akirudi na matope hadi kiunoni. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba Mubuku una asubuhi yake na alasiri yake. Milimani mvua hupenda kunyesha baada ya adhuhuri, na maji uliyoyavuka saa mbili asubuhi yakiwa magotini, saa kumi yanaweza kukubeba. Hakutukataza kuvuka. Alitukataza kuvuka bila kuuliza saa.

Nilipomwambia kwamba nimepata nafasi ya kusomea mipango miji, alitazama kushoto na kulia, migomba, mibuni, moshi wa jikoni kwa jirani, akauliza, "Miji ya wapi?" Nikamjibu kwamba nakwenda kujifunza ili siku moja nasi tuwe na mji. Hakubishana. Alifungua mkoba wake, akahesabu nauli ya Kasese mpaka Kampala, ya Kampala mpaka Mutukula, na kidogo cha kunivusha Tanzania nzima.

Dar es Salaam waliniita Mganda, na nilichoka mapema kueleza kwamba mimi ni Mkonzo. Chuo Kikuu Ardhi nilikipenda tangu wiki ya kwanza. Nilipenda chumba cha kuchorea chenye meza za mbao zilizochanjwa na nyembe za wanafunzi wa miaka iliyopita, na nilipenda jinsi tulivyofundishwa kusoma jiji kwa miguu. Siku moja tulitembea kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja, tukaambiwa tusimame katikati ya uwanja. Watoto walikuwa wakicheza mpira. Ndipo nikajifunza kwamba uwazi ule haukuachwa kwa ajili ya mpira wala kivuli. Waingereza waliuacha miaka ya 1920 ili uwatenge Waafrika wa Kariakoo na Uhindini na mji wa wakubwa ulioko mbele yake. Ulikuwa ukuta uliojengwa bila tofali hata moja. Waliouweka wameondoka zamani, na sasa ndipo mahali pa kupumzika watu wote. Nilisimama pale nikifikiri kwamba kumbe hata kiwanja kitupu kina umri, na maana yake hubadilika kadiri kinavyozeeka.

Tulisoma pia mipango kabambe ya jiji, ya mwaka 1949, 1968 na 1979. Miwili ya mwisho iliandaliwa na makampuni ya washauri kutoka Kanada. Nilimwandikia baba jambo hilo, kwa sababu shaba ya Kilembe nayo ilianza kuchimbwa kibiashara na kampuni ya Kanada, na ni shaba hiyo iliyoleta reli Kasese mwaka 1956 na kuufanya mji uwe mji. Kabla ya hapo palikuwa pori la joto kati ya mlima na wanyama. Shaba ilisafiri kwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja; mgodi ulipofungwa, treni nazo zikapungua, zikakoma. Mji haukukoma. Watu walibaki, wakajenga, wakazaa, na mwaka 2010 Kasese ikapewa hadhi ya manispaa wakati stesheni yake imeota nyasi. Mitaa yetu ya katikati bado inaelekea reli isiyo na treni. Aliyeichora aliona saa moja ya mji, saa ya shaba, akaidhania siku nzima.

Lakini somo lililonikaa zaidi Dar es Salaam ni la bonde la Msimbazi. Mto ule unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender, na ukijaa unalala juu ya Jangwani kana kwamba unarudi kwake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini. Waliookolewa walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita thelathini kutoka mahali walipokuwa wakiishi. Miaka miwili baadaye sisi wanafunzi tukatumwa bondeni na madodoso, na swali la tatu lilikuwa: kwa nini unaishi katika eneo hatarishi?

Mama mmoja alinikaribisha ndani. Aliuza samaki wa kukaanga Kariakoo. Kwenye mwimo wa mlango wake palikuwa na misumari iliyopigwa mmoja juu ya mwingine, na kando ya kila msumari mwaka umeandikwa kwa mkaa. Huo wa juu kabisa, 2011, ulikuwa usawa wa macho yangu. Chini yake kulikuwa na mingine minne. Nilimsomea swali la tatu. Aliligeuza akaniuliza mimi: "Maji yanakuja siku tatu, mwanangu. Siku nyingine zote, nikikaa Mabwepande, samaki wangu watafika Kariakoo saa ngapi?"

Sikuwa na pa kuandika jibu lile. Dodoso lilikuwa na visanduku vitano, na hakuna kilichohusu saa.

Desemba 2015, nikiwa mwaka wa tatu, nyumba za mabondeni ziliwekwa X nyekundu na nyingi zikabomolewa. Nilipita mtaa ule na sikumwona yule mama. Nitasema ninachoamini, kwa kuwa watu wananidhania kuwa upande wa mabondeni tu: watu wasilale katika njia ya maji. Nimeona maji yanavyofanya, nami sitamshauri mzazi yeyote alaze mtoto pale. Ila mpango unaohesabu siku tatu za mafuriko na kusahau siku 362 za kutafuta riziki ni nusu ya mpango, kama vile anayehesabu siku 362 na kusahau zile tatu naye ana nusu. Mama yule alikuwa nazo zote mbili, amezipigilia misumari mlangoni. Sisi ndio tuliokwenda kwake na karatasi ya siku moja.

Tasnifu yangu ya mwaka wa nne niliifanya Bwera. Wenzangu walichagua majiji. Mimi nilirudi mpakani. Mji wa huko, Mpondwe-Lhubiriha, ni mji ambao hakuna aliyeuanzisha kwa kalamu. Haukuwa na mgodi wala reli. Ulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto ni Kongo, na pande zote mbili ni watu wa lugha moja, huku tukiitwa Wakonzo, kule Wanande. Sensa ya 2014 ilihesabu humo watu zaidi ya elfu hamsini, karibu nusu ya manispaa ya Kasese, na hata hivyo ulikuwa ukiitwa mji mdogo.

Kazi yangu ilikuwa kuchora soko. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi siku ya soko, nikapanda juu ya ngazi ya duka, nikaanza: wanawake wa nyanya upande wa mashariki wa kichochoro, mihogo na majani yake, sombe, kwenye kona, mawese kutoka Kongo katika madumu ya njano, vitenge vimetundikwa kwenye kamba, samaki wakavu mwishoni kwa sababu ya harufu. Fedha zilihesabiwa katika kiganja kimoja, shilingi, faranga na dola, bila kikokotoo. Saa tano nilikuwa nimemaliza, nikashuka kunywa chai. Nilipopanda tena saa saba, soko nililolichora halikuwepo. Wanawake wa nyanya walikuwa wamehamia upande wa pili wa kichochoro, na mahali pao pamekaliwa na wauza viatu vya mitumba. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Nilimfuata mmoja wa wale wa nyanya, nikamwuliza nani aliyewagawia nafasi.

"Jua," akasema, akiendelea kupanga mafungu. Ukuta wa ghala ulitoa kivuli upande mmoja asubuhi na upande mwingine alasiri. Nyanya zinafuata kivuli, viatu havijali jua. Jioni, mama wa nyanya akiondoka, mahali pale pale huchukuliwa na kijana wa chapati na mayai. Kipande cha ardhi kisichofika mita mbili kilikuwa na wenyewe watatu kwa siku moja, kila mmoja ana haki yake na kila mmoja anaiheshimu ya mwenzake.

Hapo nikamkumbuka mzee wa Kilembe, nikachukua karatasi mbili zaidi. Tasnifu ile ilikuwa na ramani tatu za soko moja, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Mwalimu wangu msimamizi aliziweka mezani pamoja akaniuliza nitaweka ipi katika sura ya mwisho. Nikamwambia zote. Akafikiri, akakubali. Ninaamini hadi leo kwamba aliyejenga soko la vizimba vya saruji kwa kufuata ramani ya asubuhi peke yake amewafukuza watu wawili kati ya watatu bila kuwaona.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo sikukosea tena. Nilimaliza mwaka 2017, nikapata kazi katika ofisi moja ya washauri, na mwaka uliofuata nikapewa kuchora mlalo wa viwanja kando ya mji mmoja mdogo. Nilikwenda kuangalia eneo mwezi wa saba. Katikati palikuwa na korongo kavu, majani yamelala, mbuzi wanalisha ndani yake. Nililiona. Nikaandika katika daftari: korongo, kavu. Muda wa mteja ulikuwa mfupi, nami nilitaka kazi iishe, nikapitisha viwanja sita ambavyo vilipaswa kuachwa. Palikuwa na bibi akichunga mbuzi wale na sikumwuliza kitu. Mvua za vuli zilipofika, watu wawili walikuwa wameshaanza msingi. Hakuna aliyekufa, lakini matofali yao yalikwenda na maji, na mmoja wao alikuwa amekopa. Nilimpigia simu baba kumweleza. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Uliuliza saa?" Sikuuliza. Nilikuwa na shahada, na ramani tatu za Bwera zilizosifiwa, na sikuuliza.

Ndiyo maana siamini wanaosema jambo fulani limewafundisha mara moja likaisha. Mimi imenibidi nifundishwe jambo hili na mzee, na mama wa samaki, na mama wa nyanya, na bado korongo likanifundisha upya kwa hasara ya mtu mwingine.

Mei 2020 mito yote ya kwetu ilijaa karibu wakati mmoja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana, na Lhubiriha kule Bwera. Nchi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa vibaya na huduma zikahamishiwa mjini Kasese. Familia nyingi zikaishia kambini Muhokya, na wengine walikaa humo miaka. Njia zilipofunguliwa nilipanda Kilembe. Nyumba ya mzee haikuwepo. Yeye alikuwa hai, ameondolewa mapema na binti yake anayeishi mjini. Nilimkuta huko baadaye, akaniomba nimweleze kama nililiona jiwe la jikoni. Nilimwambia ukweli kwamba sikuliona. Sijui kama limefukiwa au limesogea. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za jirani aliyehama.

Watu wa kwetu wana maelezo mengi ya mafuriko haya. Wengi wanayahusisha na moto ulioteketeza misitu ya juu mwaka 2012, na miteremko kubaki bila kitu cha kushika udongo. Wengine wanataja mashimo na mabaki ya mgodi bondeni. Wazee wanasema Nzururu, theluji yenyewe, inaondoka, na hilo halina ubishi: picha ambazo Vittorio Sella alizipiga mwaka 1906, aliposafiri na Duke wa Abruzzi kupitia bonde letu hili la Mubuku, zinaonyesha barafu mahali ambapo baba, miaka yake ya mwisho ya upagazi, alikanyaga mwamba mtupu. Nimekaa na picha hizo usiku mwingi. Ni ramani za saa moja pia, lakini aliyezipiga aliziandikia mwaka, na kwa kuwa zina mwaka, tunaweza kuzisogeza karibu na za leo na kuona kilichopita katikati. Tangu hapo kila mchoro unaotoka mkononi mwangu una tarehe na majira pembeni, na mstari mmoja unaosema niliuliza nani.

Mwaka huu nilikwenda Nyakalengija kukaa na wazazi. Kijiji kimebadilika. Wageni wameongezeka, nyumba za kulala wageni zimeota kuelekea mtoni kwa sababu sauti ya maji inauzika, na vijana wa bodaboda wana kijiwe chao pale tulipokuwa tukianikia kahawa. Sheria ya Mipango ya Uganda ya mwaka 2010 ilitangaza nchi yote kuwa eneo la mipango, kwa hiyo swali la baba lilikuwa na jibu hata kabla hajaliuliza: miji ya hapa, pamoja na mibuni yake. Sikumwambia. Tulikuwa tumekaa barazani, tumemaliza kula bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, naye alikuwa akitazama bikoni mpya tatu zilizopakwa chokaa, zimesimikwa kwenye nyasi kati ya shamba la jirani na Mubuku.

"Zimewekwa lini?" akauliza.

Mama akasema Januari. Kiangazi, basi.

Nikaingia ndani, nikachukua daftari na futi kamba. Niliporudi nikamwuliza, kwa adabu yote niliyopaswa kuwa nayo kule kwenye korongo, maji yalifika wapi mwaka ule wa 2020, na kabla yake, na enzi za babu. Hakujibu. Alitazama juu mlimani, mawingu yalikuwa bado meupe. Akaichukua fimbo yake iliyoegemezwa ukutani, akashuka ngazi polepole, na alipofika chini akaniita, twende sasa hivi, kabla ya saa nane.